Viatu vya Matope na Gundi ya Mzee Nestori

Elodi na wenzako wa karakana, mliniomba ukurasa mmoja tu. Mlisema, Mama Zai, kabla hujaenda zako kupumzika tuandikie namna ya kusafisha viatu vya matope na kuvikausha, tubandike ukutani juu ya bomba. Niliondoka mvua za kwanza zilipoanza, sasa mvua kubwa zinaelekea ukingoni, na ukurasa haujawafikia. Si uvivu. Kila nilipofika kwenye mstari unaokataza kukausha kiatu kwa moto, kalamu ilisimama. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini nina ukali wa namna ile juu ya moto, na mimi nimekuwa nikiwajibu kwa kununa. Leo nitawajibu kwa maneno. Ya kubandika ukutani mtayachagua wenyewe.

Sikuajiriwa kwa ajili ya viatu. Niliingia pale klabu ya baiskeli za milimani, mtaa wa Mutanga Sud, kama mwanamke wa kufua taulo na fulana. Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya mvua, na waendeshaji walirudi kutoka milimani wakiwa wamepakwa udongo hadi kope. Walipanga viatu vyao barazani wakaenda kuoga. Mimi nikaviona, nikasema moyoni, huyu mgeni aonyeshe bidii. Nikajaza ndoo maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikazamisha jozi mbili kama ninavyozamisha mashati.

Mtu mmoja mrefu, mwembamba, akatoka karakana akasimama mbele ya ndoo yangu. Hakupiga kelele. Alikitoa kiatu kimoja, akakiinamisha, maji yakamwagika kwa muda mrefu wa kuniaibisha.

"Umekinywesha," akasema. "Sasa utakaa siku tatu unakibembeleza kiteme."

Huyo ndiye Mzee Nestori. Nyinyi hamkumkuta. Alikuwa fundi viatu wa Kamenge, alikaa miaka mingi na kibanda chake karibu na hospitali, akiwashonea wauguzi na wanafunzi, kabla klabu haijamchukua. Siku ile alinipa kiatu kingine, ambacho sikuwa nimekizamisha, na kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, akaniambia nitazame. Wiki iliyofuata fulana zilipata mfuaji mwingine, nami nikahamia kwenye viatu. Wengine waliona nimeshushwa. Mimi sikuwahi kuona hivyo.

Jambo moja la Mzee Nestori lazima mlijue, maana kila kitu kitakachofuata kimelalia hapo. Pua yake ilikuwa imekufa. Gundi ya viatu, miaka yote ile ndani ya kibanda kisicho na dirisha, ilikuwa imeiua. Maharage yangeweza kuungua nyuma ya mgongo wake naye akaendelea kupiga nyundo. Na kiatu, kama mnavyojua, kinaweza kuwa kikavu mkononi na bado kikanuka uvundo ndani ya ncha, maana yake unyevu umejificha. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kufunga, alikuwa akiniletea viatu kimoja kimoja. "Zaituni, nusa," anasema. Nami nanusa, nasema bado, au nasema tayari. Alikuwa haangalii tena. Nikisema tayari, kiatu kinaingia kabatini. Sijui kama kuna mtu mwingine maishani mwangu aliyeniamini hivyo kwa neno moja.

Sasa kazi yenyewe. Matope ya kwetu ni ya aina mbili, na mkiyachanganya mmeharibu. Yale mekundu ya milimani yaacheni yakauke nusu, kisha gonganisheni viatu soli kwa soli, yataanguka yenyewe kwa vipande. Mkiyafuta yakiwa mabichi mtayapaka tu na kuyaingiza kwenye mshono. Meusi ya bondeni, ya upande wa Ruziba, ni kinyume chake. Hayo toeni palepale yangali mabichi, kwa kijiti cha mwanzi na kitambaa kilicholowa kidogo, kwa sababu yakishakauka yanashika kama saruji na mtaanza kutafuta kisu. Kisu hakiingii karakana. Mzee Nestori alikuwa na kisu kizuri sana, alikitumia kumenya maembe.

Mswaki wa zamani ni wa kile chuma kidogo cha chini ya kiatu, kinachojifunga kwenye pedali. Waendeshaji wanakiita kale. Tope likibaki humo, mguu hautatoka kwenye pedali unapotakiwa kutoka, na mwenye mguu ataanguka hata akiwa amesimama, mbele za watu, jambo ambalo waendeshaji wanaliogopa kuliko milima. Soli ya ndani itolewe kila mara na ikaushwe peke yake. Kamba zitolewe pia. Najua mnaziacha. Nilikuwa naziona.

Halafu karatasi. Magazeti yanafaa, lakini wino wake huchafua soksi, na waendeshaji wetu wanapenda soksi nyeupe, sijui kwa nini, katika nchi ya udongo mwekundu. Mzee Nestori alikuwa na rafiki yake mfagizi kule chuo kikuu, hatua chache tu kutoka kwetu, aliyetuletea karatasi za mitihani zilizotupwa. Zinanyonya vizuri sana. Viatu vyetu vilisoma sheria, vikasoma uchumi, vikasoma na udaktari. Karatasi ya kwanza hukaa muda wa kuchemsha chai tu, kisha inatolewa, ya pili na ya tatu zinakaa zaidi. Baada ya hapo kiatu kinaning'inizwa mdomo chini kwenye ule ujia wa nyuma, ambako alasiri upepo wa ziwa unapita. Kivulini. Jua kali linakunja ngozi. Na moto, Mzee Nestori aliniambia siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu, moto unayeyusha gundi. Kiatu kitaonekana kizima. Kitakaa kizima mkononi, kitakaa kizima kabatini, kisha kitaachia pale mguu utakapokivuta.

Fabiani alikuja klabu mimi nikiwa nimeshaizoea kazi. Alikuwa kijana wa Ruziba aliyepata riziki kwa kuteremsha ndizi kutoka milimani kwa baiskeli. Mmewaona wale, mikungu imefungwa nyuma na pembeni hadi mwenye baiskeli haonekani, na wanaporomoka kwenye zile kona bila breki ya maana. Yeye aliteremka hivyo miaka sita, miguu mitupu, akitumia kisigino kama breki. Mwalimu wa klabu alimwona siku moja barabarani, akamfuata kwa gari, na alipomkamata alimwomba aje ajaribu baiskeli isiyobeba kitu. Kushuka, hakuna aliyemweza. Kupanda alijifunza.

Tatizo lilikuwa miguu. Miguu ya Fabiani ilikuwa mipana mbele, vidole vimetawanyika, na hakuna kiatu hata kimoja katika kabati letu kilichomkubali. Mzee Nestori alichukua jozi kubwa, akaibandua soli zote mbili, akapanua ngozi kwa vipande alivyokata kwenye mkoba wa zamani, akabandika upya kwa gundi yake mwenyewe. Kazi ile ilichukua wiki nzima. Fabiani alipovivaa alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi, akakaa chini, akavitazama. Akasema havimuumi. Mzee Nestori akageuka akajifanya anatafuta nyundo, nami nikajua amefurahi.

Ilikuwa jozi moja tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yetu kila mvua iliponyesha, maana wengine walikuwa na ya akiba, Fabiani hakuwa nayo.

Sasa nafika. Yalipangwa mashindano ya kuchagua watakaokwenda kushindana nje ya nchi. Nafasi zilikuwa chache, na kila mtu alijua kwamba moja ni ya Fabiani ikiwa tu atamaliza. Alikuwa hajawahi kulala nje ya Burundi. Mama yake alikuwa ameshamtafutia sanduku. Mashindano yalikuwa Jumapili asubuhi, na Jumamosi mwalimu akawapeleka bondeni kwa mazoezi mepesi. Mvua ikawakuta huko. Viatu vya Fabiani vililetwa kwangu alasiri vikiwa vinabubujika, vimejaa lile tope jeusi hadi ndani.

Mzee Nestori hakuwepo. Alikwenda kumzika shemeji yake huko juu mlimani, na kabla ya kuondoka aliniambia, vya Fabiani ni vyako. Nami siku hiyo nilikuwa na haraka. Ilikuwa siku ya hina ya binti wa dada yangu, huko mtaa wa Buyenzi, na nilikuwa nimeahidi kufika kabla ya magharibi. Nilitoa tope, nilitoa kamba, nilijaza karatasi mara tatu. Upepo haukuwepo kabisa, hewa ilikuwa nzito, na kila nilipoingiza mkono mle ndani ulitoka na ubaridi. Ningeweza kubaki. Ningeweza kuvibeba nikavibadilishia karatasi hukohuko kwenye hina, watu wakanicheka, basi. Lakini barazani kulikuwa na imbabura, lile jiko la makaa, limewekwa maharage ya waendeshaji. Nikaviweka pale pembeni, cha kushoto upande wa moto, cha kulia nyuma yake. Nikavaa kanga yangu nzuri. Muda wa maharage kuiva, viatu vilikuwa vikavu. Niliingiza mkono hadi kwenye ncha, nikauweka mkono shingoni, haukuwa na baridi. Nilijiona fundi. Nikavitia kabatini nikaenda zangu, na kule kwenye hina nilicheza sana, hilo nalo silisahau.

Kesho yake nilikuwa mwisho wa njia na taulo zangu. Tuliambiwa Fabiani anaongoza. Kisha tukaambiwa Fabiani ameanguka. Kwenye mteremko wa mwisho, ule wa mawe, alisimama juu ya pedali akauvuta mguu wa kushoto, na kiatu kikabaki nusu. Soli ilibaki imejifunga kwenye pedali, mguu ukaenda, na yeye akaenda nao. Nyonga ilivunjika. Walimpitisha mbele yangu juu ya ubao, amefumba macho, ananong'ona kwamba apewe baiskeli yake.

Mzee Nestori alirudi jioni ile kutoka mazikoni, bado amevaa koti la msiba. Walimwekea kiatu mezani. Alikigeuza. Alipitisha kidole pale gundi ilipoachia, taratibu, kuzunguka kiatu chote. Halafu akaninyooshea, kama alivyofanya kila jioni.

"Zaituni, nusa. Gundi yangu ilikuwa imeoza?"

Nilinusa. Chini ya tope kulikuwa na moshi wa makaa, harufu wazi kabisa, hata mtoto angeijua. Mtu yeyote mwingine ulimwenguni angeijua. Yeye tu ndiye asingeijua.

"Sisikii kitu, Muzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni mukono yangu," akasema. "Nilimubandika vibaya mutoto wa watu."

Nilisubiri nijisikie vibaya kiasi cha kusema. Nilijisikia vibaya sana, na sikusema. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake mwalimu alikuja kuuliza, na Mzee Nestori alikuwa ameshamjibu kabla sijafika kazini. Hawakumfukuza. Yeye mwenyewe ndiye hakushika gundi tena. Kiatu kikiletwa soli yake imeachia, anasema kipelekwe kwa fundi mwingine mjini. Mwisho wa mwaka aliniita, akanipa mwanzi, nyundo na sindano zake, akarudi Kamenge. Kile kibanda cha karibu na hospitali hakukifungua. Nilikuwa naenda kumwona sikukuu za kwao na za kwetu, na kila mara niliondoka nyumbani kwangu nimeshayapanga maneno. Angeniletea chai, angeuliza habari za viatu, na ningemjibu habari za viatu. Mvua za mwaka wa tatu zilimchukua. Nilikaa nyuma kabisa ya kanisa, na padri alisema marehemu alikuwa fundi mwaminifu. Nilitaka kusimama. Nimewaambia nitawajibu kwa maneno, basi ndilo hilo: mzee yule alizikwa akiamini amemvunja mtoto wa watu, na neno la kumtoa huko lilikuwa mdomoni mwangu miaka mitatu.

Ndiyo maana, Elodi, siku ile ulipoweka viatu karibu na lile jiko lako dogo la umeme, niliichomoa plagi kwa nguvu mpaka nikang'oa na soketi ya ukutani. Mlicheka mwezi mzima. Mlikuwa na haki ya kucheka.

Nilipoacha kazi nikaona sina tena kisingizio cha kazi. Juma la tatu nikaenda Ruziba. Kwa miaka yote ile sikuwahi kukanyaga kwa Fabiani. Nilimtumia salamu, nilituma sukari kwa mkono wa watu. Nilimkuta shambani kwake, analima nyanya karibu na ziwa, anatembea kwa kulalia upande mmoja. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na alikuwa na buti za plastiki zimejaa tope jeusi. Mke wake alitutolea viti barazani. Nilimwomba Fabiani avue buti, nikachukua kijiti nikaanza kuzitoa tope, kwa sababu nisingeweza kusema mikono ikiwa mitupu. Nikasema yote. Hina, maharage, imbabura, cha kushoto upande wa moto.

Aliipokea buti ya kwanza, akaiweka kando.

"Mama Zai, mi nilijua," akasema. "Ile asubuhi nilipovivaa nilisikia harufu ya makala, ya imbabura. Vilikuwa vinanuka makala kabisa."

Nikamuuliza mbona alivivaa, na yeye alijua sheria ya moto kuliko wote, maana Mzee Nestori alikuwa akimwimbia kila siku.

"Ningesema, mungenikataza. Na viatu vingine vya kunienea havikuwako. Nikasema, ni kuteremuka mara moja tu, vitashika." Akautazama mguu wake. "Nilijipima, nikakosea. Mi sina hasira na we."

Ningeweza kuinuka nikaenda nyumbani nikiwa mwepesi. Lakini niliuliza kuhusu Mzee Nestori, na uso wake ukabadilika.

Akaniambia mzee alimtembelea hospitali kila siku mwezi mzima, na siku moja alipiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima wa umri ule, akamwomba msamaha kwa ajili ya gundi. "Nikamwambia, Muzee, nimekusamehe. Wauguzi walikuwa wanatuangalia."

"Kwa nini hukumwambia ukweli, mwanangu?"

"Nilifikiri we utamwambia," Fabiani akasema. "Ilikuwa yako ya kusema. Kila mwaka nilifikiri amekwisha kumwambia."

Nililia pale barazani, na sikujificha. Yeye hakunibembeleza, akaniacha. Baadaye aliingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kiatu cha kulia. Hakuwa na kazi nacho na hakuweza kukitupa. Ngozi imekakamaa, kale imeshika kutu, vile vipande vya mkoba bado vinaonekana pembeni. Alikishika juu, akaniambia nishike soli nivute. Nikavuta. Akaniambia nivute kwa nguvu. Nilivuta kwa mikono yote miwili, kiti changu kikasogea, na soli haikuachia hata upana wa uzi.

Basi ukurasa wenu ni huu. Mekundu yasubirini, meusi toeni palepale. Kamba nje, soli ya ndani nje. Karatasi mara tatu, mdomo chini, kivulini. Moto hapana. Hayo yote ni ya Mzee Nestori, mimi nimeyapokea tu. La kwangu ni moja, nimelinunua ghali: ikitokea siku umesogeza kiatu karibu na moto, na siku hiyo huja, mtafute mwenye kiatu umwambie kabla hajafunga kamba. Na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa ambazo hata mgeni wa siku ya kwanza atazisoma, Elodi, andika kwamba gundi ya Mzee Nestori ilikuwa nzuri.